Rangi Iliyo Chini ya Lebo

Kila Jumanne na Ijumaa, kabla jua halijakaza, Fundi Pampu alivaa kaptula yake ya zamani, shati lisilo na mikono na ndala. Kisha alibeba pampu ya lita kumi na tano mgongoni, akaenda kupulizia dawa ya wadudu.

Watu walimwita Fundi Pampu kwa sababu hakuna aliyeijua pampu kama yeye. Alisikiliza mlio wake tu, akajua mpira upi umechakaa. Mke wake aliitwa Mama Pampu. Hakulipenda jina hilo.

"Mimi sikuzaa pampu," alisema. "Nimezaa watoto wawili, na wote hawavuji."

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na shamba la nyanya. Majirani wao wote walilima nyanya. Waliamka na nyanya, walishinda na nyanya, na hata wakigombana, waligombana juu ya nyanya. Ndiyo maana kosa lao lilikuwa kosa la watu wa nyanya.

Chombo cha dawa ya wadudu kina lebo. Chini ya lebo hiyo kuna mkanda wa rangi. Mkanda unaweza kuwa mwekundu, wa njano, wa buluu au wa kijani. Fundi Pampu aliuona mkanda huo kila alipofungua dawa, lakini maandishi hakuyasoma. Alisema herufi zake ni ndogo kama mayai ya chawa. Alitazama rangi tu. Na rangi aliisoma kama alivyofundishwa na kaka yake mkubwa, ambaye shamba lake lilipakana na la kwake.

"Ni jambo rahisi, mdogo wangu," kaka mkubwa alimwambia. "Nyanya ya kijani ni mbichi. Ya njano inaanza kugeuka. Nyekundu imeiva. Dawa nayo ni hivyo hivyo. Ukitaka dawa iliyoiva, chukua nyekundu."

"Na buluu?"

"Umewahi kuona nyanya ya buluu?"

"Hapana."

"Basi iache."

Tangu siku hiyo Fundi Pampu hakununua dawa nyingine isipokuwa ya mkanda mwekundu.

Mwaka huo viwavi walikuja kwa wingi. Walitoboa nyanya karibu na kikonyo, wakaingia ndani, wakala. Nyanya ilionekana nzima. Ukiikata, unakuta shimo jeusi na uchafu wa mdudu.

Ijumaa moja Fundi Pampu alimimina dawa ndani ya ndoo ya maji. Kipimo chake kilikuwa kifuniko cha chupa. Aliweka vifuniko viwili, akaongeza cha tatu.

"Hiki ni cha kuwaonya," alisema.

Alikoroga kwa mkono mpaka kwenye kiwiko. Akajaza pampu, akaibeba. Mfuniko wake ulikuwa unavuja kidogo. Dawa ikamlowesha mgongo. Upepo nao ulikuwa unavuma kutoka mbele, ukamrudishia ukungu wa dawa usoni. Alijifuta jasho kwa mkono ule ule uliokoroga dawa.

Hakumaliza shamba. Alirudi nyumbani akiyumba, akakaa kizingitini. Mama Pampu alikuwa anaosha vyombo.

"Mama watoto," Fundi Pampu aliuliza polepole, "nani amezima jua?"

Mama Pampu alitazama juu. Jua lilikuwa linawaka. Alimtazama mumewe. Jasho lilimtiririka kama mtu aliyenyeshewa na mvua. Mate yalimtoka mdomoni bila yeye kujua. Nyama za mashavu zilikuwa zinacheza zenyewe. Kisha akatapika.

Mama Pampu hakupiga kelele. Alikimbia kwa kaka mkubwa, akarudi naye na pikipiki. Walimweka mgonjwa katikati yao, wakaenda zahanati.

Muuguzi alivaa glovu kwanza. Alimvua Fundi Pampu nguo zote zilizolowa dawa, akazitia ndani ya mfuko. Wakati dawa ya sindano inaandaliwa, msaidizi wake alimwosha mgonjwa kwa maji mengi na sabuni. Muuguzi alimulika macho yake kwa tochi. Mboni zilikuwa ndogo kama kichwa cha pini.

"Alikuwa anapulizia dawa gani?"

"Dawa ya nyanya," alijibu Mama Pampu.

"Ipi? Dawa za nyanya ni nyingi. Chombo chake kiko wapi?"

"Shambani."

Muuguzi alimgeukia kaka mkubwa. "Kaka, nenda ukakilete sasa hivi. Usikishike kwa mikono mitupu. Kiweke ndani ya mfuko."

Kaka mkubwa alipokileta, muuguzi alitazama kwanza chini ya lebo. "Mwekundu. Na fuvu hili hapa," alisema. Kisha alisoma sehemu inayoeleza matibabu.

Fundi Pampu alichomwa sindano, akachomwa tena, na tena. Alilala zahanati siku mbili. Siku ya tatu aliruhusiwa kurudi nyumbani. Muuguzi alimwita Mama Pampu pembeni.

"Dada, safari hii amerudi. Lakini mwili wake bado haujapona. Kwa miezi miwili asiguse dawa ya wadudu. Akipata sumu ile tena, hata kidogo, sitaki kukuahidi kwamba atarudi."

Mama Pampu aliyabeba maneno hayo mpaka nyumbani. Aliyaweka moyoni, akayafungia.

Viwavi hawakuwa na habari za muuguzi. Waliendelea kula. Asubuhi ya siku ya pili nyumbani, Fundi Pampu alitembea shambani akiegemea fimbo. Alirudi ameshika nyanya tano zilizotobolewa. Akaziweka mezani, akaitoa pampu kwenye msumari wake.

"Unakwenda wapi na hiyo?" aliuliza mkewe.

"Nitapulizia mistari michache tu."

"Mikono inakutetemeka."

"Wadudu hawaangalii mikono yangu. Tukingoja wiki moja, hatuna nyanya. Tusipokuwa na nyanya, tutakula nini mwaka huu? Pampu?"

Mama Pampu aliichukua pampu, akashika bomba, akafungua nozeli, kile kichwa kidogo kinachotawanya dawa. Akakitia mfukoni.

"Mama watoto, rudisha hicho."

"Nitakirudisha."

"Lini?"

"Nikishampata Bibi Shamba."

"Sasa pampu bila nozeli ni kitu gani?"

"Ni ndoo yenye mkia," alisema Mama Pampu. "Kaa unywe uji. Kuna nyanya na kuna mwenye nyanya. Mimi nitaokoa vyote viwili. Sichagui kimoja."

Bibi Shamba alikuwa mtaalamu wa kilimo wa eneo lile. Mama Pampu alimweleza maneno ya muuguzi, akaja naye shambani. Alivaa buti za mpira hata kukiwa hakuna matope. Alitembea haraka, na aliuliza maswali kwa mtindo wa mtu anayepalilia: hakuruka mstari. Alikata nyanya mbili shambani, akageuza majani, akatikisa kichwa.

"Viwavi wengi bado ni wadogo," alisema. "Tuna nafasi. Nionyesheni dawa mnazotumia."

Fundi Pampu aliona haya kidogo. Dawa zilikuwa chini ya kitanda, kando ya kikapu cha vitunguu. Bibi Shamba alivaa glovu, akazitoa moja moja, akazipanga nje. Zilikuwa chupa sita. Zote zilikuwa na mkanda mwekundu.

"Fundi, kwa nini zote ni nyekundu?"

Fundi Pampu alieleza habari ya nyanya mbichi, nyanya inayogeuka na nyanya iliyoiva. Alieleza kwa ufasaha, maana alikuwa amewaeleza watu wengi. Bibi Shamba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na buluu?" aliuliza.

"Hakuna nyanya ya buluu," alisema Fundi Pampu.

Bibi Shamba alicheka, Mama Pampu akacheka, na mwisho Fundi Pampu mwenyewe akatabasamu. Kisha Bibi Shamba akaacha kucheka.

"Fundi, aliyeweka rangi hizi hakuwa muuza nyanya. Rangi hizi hazimhusu mdudu. Zinakuhusu wewe. Hazisemi dawa itaua viwavi kiasi gani. Zinasema inaweza kukudhuru kiasi gani."

"Lakini nyekundu inaua, Bibi Shamba. Nimeona kwa macho yangu."

"Inaua, ndiyo. Tatizo lake ni kwamba haichagui. Matone machache yakipita kwenye ngozi yako, yakaingia mdomoni au ukayavuta kwa pumzi, yanaweza kukuzika. Ndiyo maana wameweka fuvu la kichwa. Dawa hii si ya mtu mwenye kaptula na ndala. Mimi sitaki kuiona kwenye nyumba ya mtu yeyote."

"Na ya njano?" aliuliza Mama Pampu.

"Njano pia ina hatari kubwa. Haina haraka kama nyekundu, lakini usiidharau. Ya buluu, hatari yake ni ndogo zaidi. Ya kijani ndiyo yenye hatari ndogo kuliko zote, ukiitumia kama lebo inavyosema."

"Kwa hiyo ya kijani ni salama kama maji?"

"Hapana, dada. Kijani si ruhusa ya kunywa. Hata hiyo utavaa glovu, utanawa, na utaiweka mbali na watoto. Yote ni dawa ya kuua viumbe."

Fundi Pampu alikunja uso. "Sasa kama haina nguvu kwangu, itakuwaje na nguvu kwa kiwavi?"

"Wewe ni kiwavi?"

"Sijawa bado," alisema Fundi Pampu.

"Basi tumbo lako na tumbo lake ni tofauti. Kuna dawa ya mkanda wa kijani inayoharibu tumbo la kiwavi. Akiila pamoja na jani, anaacha kula, halafu anakufa. Wewe huna tumbo la namna hiyo."

Bibi Shamba aliinamisha chupa moja ili wote waone. Aliwaonyesha picha ndogo zilizo ndani ya mkanda. Picha za upande mmoja zilihusu kuchanganya dawa: mkono wenye glovu, miwani. Za upande wa pili zilihusu kupulizia: buti, nguo ndefu, kifuniko cha pua na mdomo. Katikati kulikuwa na picha ya kunawa mikono na picha ya kufuli.

"Asiyeweza kusoma herufi za mayai ya chawa anaweza kusoma picha," alisema. "Na anayeweza kusoma, asome yote. Maandishi yanasema kipimo. Yanasema pia usubiri siku ngapi baada ya kupulizia ndipo uchume."

"Mimi nimezoea kuongeza kifuniko kimoja," alisema Fundi Pampu kwa sauti ndogo.

"Hicho kimoja ndicho kilichokulaza zahanati."

Mama Pampu alisogea mbele.

"Bibi Shamba, niambie kazi. Nianze na nini?"

"Kwanza, chumeni nyanya zote zilizotobolewa. Zitieni ndani ya mfuko wa plastiki, muufunge, muuache juani. Viwavi watakufa humo. Halafu mpulizie ile dawa ya kijani jioni, upepo ukitulia. Swali ni moja tu. Nani atapulizia? Fundi haruhusiwi."

"Mimi," alisema Mama Pampu.

"Wewe?" Fundi Pampu alishtuka. "Pampu ikijaa ni kilo kumi na tano, bado pampu yenyewe."

"Nimebeba watoto wako wawili tumboni na maji yako kichwani miaka yote hii. Pampu itanishinda nini?"

"Jaza nusu," alisema Bibi Shamba. "Na niambie ukweli, dada. Una mimba? Unanyonyesha?"

"Hapana."

"Vizuri. Ungekuwa na mimba, ningemtafuta mtu mwingine."

Bibi Shamba alizifunga zile chupa sita ndani ya ndoo yenye mfuniko. Alisema atazipeleka mahali zinapokusanywa dawa za hatari. Zisimwagwe chini, zisichomwe moto.

Siku hiyo hiyo Mama Pampu alikwenda dukani. Muuza dawa alipomwona, alitabasamu, akaweka chupa juu ya meza kabla hajaulizwa.

"Ya Fundi hii. Mwambie nampa pole."

Mama Pampu aliigeuza chupa, akatazama chini ya lebo.

"Hii ina mkanda mwekundu. Sitaki."

"Mama, wateja wote wanapenda hii."

"Mume wangu naye aliipenda. Nataka ya viwavi, yenye mkanda wa kijani."

Muuza dawa alitoa chupa ya soda kutoka chini ya meza. Ndani yake kulikuwa na dawa iliyopunguzwa kutoka chombo kikubwa. "Hii hapa. Ni rahisi, na ni ile ile."

"Mkanda wake uko wapi?"

"Si nimekwambia ni ya kijani?"

"Wewe umeniambia. Chupa haijaniambia kitu. Nyumbani nina watoto wanaojua soda. Nipe iliyofungwa kiwandani, yenye lebo yake."

Muuza dawa alipanda ngazi, akafuta vumbi kwenye pakiti ya rafu ya juu. Mama Pampu alitazama mkanda. Ulikuwa wa kijani. Alisoma maneno ya kwanza kwa sauti, neno kwa neno, bila haraka, huku wateja wawili wakisubiri nyuma yake.

Fundi Pampu hakuweza kupulizia, lakini kutengeneza pampu tupu aliweza. Kwanza Mama Pampu aliiosha mara tatu kwa sabuni, akiwa amevaa glovu. Kisha Fundi Pampu naye akavaa glovu, akabadilisha mpira wa mfuniko. Walijaza maji safi, wakaigeuza juu chini. Halikudondoka hata tone.

Jioni Mama Pampu alivaa shati la mikono mirefu, suruali, buti, glovu, miwani na barakoa. Watoto walimwangalia kutoka dirishani, wakasema mama amekuwa rubani. Alipima dawa kwa kipimo kilichokuja na pakiti, akakoroga kwa kijiti. Alisimama upepo ukimpiga mgongoni, akaanza kupulizia.

Fundi Pampu alikaa mbali, upande ambao upepo ulitokea. Hakuweza kunyamaza.

"Geuza nozeli juu. Wanakaa chini ya jani."

"Nimesikia."

"Usikimbie. Humtoroki mtu."

"Baba watoto, wewe ni mgonjwa. Ugua kimya kimya."

Alipomaliza aliosha pampu, akaoga kwa sabuni, na nguo zake akazifua peke yake, mbali na za watoto.

Kesho yake asubuhi kaka mkubwa alikuja kuona. Aligeuza jani. Kiwavi alikuwa anatembea.

"Shemeji, umewanywesha uji," alisema. "Tazama, wamepata afya. Nilisema mimi, kijani ni mbichi."

Fundi Pampu alimtazama mkewe. Uso wake ulikuwa na wasiwasi. "Labda kaka ana hoja," alisema.

Mama Pampu alikuwa amefunga uzi kwenye jani moja jana, kabla ya kupulizia, na alikuwa amehesabu matundu yake. Matundu yalikuwa saba. Alihesabu tena. Saba.

"Anatembea," alisema, "lakini hali. Bibi Shamba alisema ataacha kula kwanza. Nangoja."

Siku ya pili viwavi walikuwa wazito. Jani lenye uzi lilikuwa na matundu saba. Usiku ule Fundi Pampu alijigeuza sana kitandani. Mama Pampu alilala.

Siku ya nne alimwita mumewe shambani. Viwavi walikuwa wamening'inia kwenye majani, weusi, wamelegea kama uzi uliolowa. Fundi Pampu alimgusa mmoja kwa kijiti. Akaanguka. Akaenda kwenye mstari wa pili, kisha wa tatu. Aliporudi alisimama mbele ya mkewe.

"Mama watoto," alisema, "nimewadanganya watu wengi."

"Hukujua."

"Sasa najua."

Mama Pampu alirudia kupulizia baada ya wiki moja, kama lebo ilivyoelekeza. Pakiti zilizokwisha alizisuuza mara tatu, maji yake akayamimina ndani ya pampu, kisha akazitoboa ili zisitumike tena. Fundi Pampu alitengeneza sanduku la mbao lenye kufuli, akaliweka kwenye kibanda cha nje. Walipoteza nyanya za mistari miwili. Nyingine zote walizichuma.

Miezi miwili ilipita. Muuguzi alimpima Fundi Pampu, akasema sasa anaweza kurudi kazini, kwa masharti. Alirudi akiwa na shati refu na buti.

Wiki ile ile kaka mkubwa alifika asubuhi. Mkononi alikuwa na chupa.

"Mdogo wangu, viwavi wamehamia kwangu. Chukua pampu, twende."

Fundi Pampu alitazama chini ya lebo. "Hii ni nyekundu, kaka."

"Najua rangi. Mimi ndiye niliyekufundisha rangi."

"Siwezi kuipulizia. Na wewe usiipulizie. Nitakuja na ya kijani jioni."

Sauti ya kaka mkubwa ilibadilika. "Unanikatalia mimi? Mimi niliyekubeba mgongoni ukiwa hujui kutembea?"

Mama Pampu alikuwa mlangoni. Alitaka kusema neno, akajizuia. Fundi Pampu hakuwa amewahi kumkatalia kaka yake hata mara moja.

"Ulinibeba, kaka," alisema Fundi Pampu. "Ndiyo maana nakataa. Sitaki unibebe tena, safari hii ndani ya jeneza. Wala sitaki mimi nikubebe."

Kaka mkubwa ndiye aliyeendesha pikipiki siku ile. Yeye ndiye aliyesikia mate ya mdogo wake yakidondoka begani mwake njia nzima. Alitazama chupa, kisha akanyoosha mkono, akaiweka mbali kidogo na kifua chake.

"Sasa hii niifanye nini?"

"Umeifungua?"

"Bado."

"Usiifungue. Twende kwa Bibi Shamba, aiweke na zile nyingine. Kisha nitakuonyesha pakiti ya kununua."

Fundi Pampu alileta ndoo yenye mfuniko. Chupa ikawekwa humo, wima. Ndugu hao wawili wakaondoka, kaka mkubwa mbele, mdogo nyuma na ndoo. Mama Pampu aliwatazama mpaka wakapita kona. Kisha akachukua kreti, akaenda kuchuma nyanya.